Suti ya Alama za Dola: Mchoraji wa Gazeti na Sura ya Tajiri

(Yafuatayo ni maelezo ya mwandishi wetu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa serikali.)



Mliponialika kuja kuzungumza juu ya kazi ya magazeti, huenda mlitegemea nieleze jinsi habari inavyotafutwa, inavyohaririwa na kupigwa chapa. Hayo yamekwisha kusemwa mara nyingi. Mimi nimeona afadhali nizungumze juu ya picha ya mkono, yaani mchoro wa mtu katika gazeti, na hasa mchoro wa mtu tajiri. Na kwa kuwa si haki kuanza na makosa ya wengine, nitaanza na langu.

Nilipokuwa bado mgeni katika chumba cha habari niliandika makala juu ya mfanyabiashara mmoja wa mji mdogo aliyekuwa na mkataba wa kupeleka unga wa mahindi katika shule ya bweni. Magunia yake yalikuwa yakipungua uzito. Tulipima sisi wenyewe, mimi na mtunza ghala, gunia baada ya gunia, na hakuna hata moja lililotimiza kilo zilizoandikwa katika hati. Habari ilikuwa ya kweli na karatasi nilikuwa nazo. Mhariri akataka mchoro. Mchoraji wetu hakupata kumwona mtu yule, wala hakuuliza yukoje. Akamchorea tumbo mfano wa ngoma, mashavu yaliyovimba, sigara nene mdomoni na mnyororo wa saa uliozunguka kiuno. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wenzangu.

Baada ya makala kutoka nikarudi katika mji ule. Mwalimu mmoja mstaafu akanikaribisha barazani, akatoa gazeti lililokunjwa vizuri, akaniuliza: "Mwanangu, huyu mliyemchora ni nani?" Kumbe mfanyabiashara yule alikuwa mwembamba kama ufito, sigara hakuigusa maishani, na dukani kwake alikwenda kwa baiskeli. Mji mzima ulimfahamu. Watu walipoona picha si yake wakasema gazeti limesema uongo. Na walipokwisha kusema hivyo juu ya picha, wakasema hivyo hivyo juu ya magunia. Mkataba wake ukaendelea, na watoto wakaendelea kula kutoka katika magunia yaliyopungua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, lile tumbo mchoraji wetu alilitoa wapi? Hakulitoa katika mji ule. Alilitoa katika magazeti mengine, nayo yalilitoa katika magazeti yaliyotangulia, mpaka ukifuata njia hiyo nyuma unafika Ulaya na Marekani ya karne ya kumi na tisa. Sidai kwamba mtu mmoja ndiye aliyeibuni sura hiyo. Lakini upo mchoro mmoja ambao kila mwandishi anayeandika juu ya mali na siasa hana budi kuujua, nao ni ule wa tajiri wa Cleveland aitwaye Mark Hanna, uliochorwa na Homer Davenport katika mwaka 1896.

Cleveland ni mji wa jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Hanna, aliyezaliwa mwaka 1837, alikulia hapo, na shuleni alisoma pamoja na John D. Rockefeller, yule aliyekuja kuwa mfalme wa mafuta. Alioa binti wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe na chuma, akaingia katika kampuni ya mkwewe, na mwaka 1885 kampuni ikachukua jina lake mwenyewe. Makaa ya mawe yalichimbwa, madini ya chuma yakasafirishwa kwa meli katika maziwa makuu ya huko, na faida ikarudi Cleveland. Alikuwa na hisa katika reli za tramu mjini, alikuwa na jumba la michezo ya kuigiza, na kwa muda alimiliki hata gazeti. Ninyi watumishi wa umma mtaelewa upesi maana ya tramu: haiwezi kupita barabarani bila kibali cha baraza la mji. Kwa hiyo tajiri wa tramu hujikuta ana haja na madiwani, na kutoka kwa madiwani ngazi inapanda mpaka kwa magavana. Sisemi kwamba kila apandaye ngazi hiyo ni mwizi. Nasema ngazi ilikuwapo, na Hanna aliipanda.

Rafiki yake mkubwa katika siasa alikuwa William McKinley. Mwaka 1893, McKinley akiwa gavana wa Ohio, alijikuta amedhamini madeni ya rafiki mwingine aliyefilisika, na madeni hayo yalizidi dola 100,000. Hakuwa na uwezo wa kuyalipa. Hanna na matajiri wenzake wakachanga, deni likalipwa, na gavana akaokoka na aibu. Miaka mitatu baadaye gavana huyo aligombea urais kwa tiketi ya Chama cha Republican, na msimamizi wa kampeni yake akawa Hanna.

Uchaguzi wa mwaka 1896 ulifanyika katika nchi yenye dhiki. Tangu mwaka 1893 viwanda vilikuwa vimefungwa, bei ya mazao ilikuwa imeanguka, na wakulima wa magharibi na kusini walikuwa wamezama katika madeni. Mgombea wa Democratic, William Jennings Bryan, alitaka sarafu za madini ya fedha zipigwe bila kikomo ili pesa ziongezeke mikononi mwa watu na madeni yawe mepesi. Wenye mabenki na viwanda walitetemeka. Hanna hakupoteza wakati kuwaliwaza, aliwapelekea hesabu. Mabenki yalitakiwa yatoe robo ya asilimia moja ya mtaji wao, kama vile mtu anavyotozwa kodi. Kampuni ya mafuta ya Standard Oil peke yake ilitoa dola 250,000. Jumla ya fedha zilizopita katika makao ya kampeni ilifika kiasi cha dola 3,500,000, na zile za Bryan hazikufikia hata dola 1,000,000. Vijitabu vilipigwa chapa zaidi ya 100,000,000, katika lugha nyingi za wahamiaji. Bryan alizunguka nchi kwa treni akihutubia mpaka sauti ikamkauka, naye McKinley alikaa barazani kwake Canton, akapelekewa wasikilizaji kwa treni.

Hapo ndipo Davenport anapoingia. Alikuwa kijana wa miaka 29 kutoka Silverton, mji mdogo wa jimbo la Oregon. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na baba yake akamlea akimhimiza achore. Hakuwa na elimu kubwa ya sanaa. Alichora farasi na kuku, kisha akachora watu, akafanya kazi katika magazeti ya San Francisco, na mwaka 1895 akachukuliwa kwenda New York na William Randolph Hearst, aliyekuwa amenunua gazeti la Journal. Kumbukeni kwamba katika miaka ile picha za kamera zilikuwa bado hazijazoeleka katika magazeti ya kila siku. Msomaji wa New York hakuwa na njia nyingine ya kuujua uso wa mtu wa Cleveland ila kwa kalamu ya mchoraji. Kwa hiyo Hanna wa Davenport, kwa mamilioni ya watu, ndiye aliyekuwa Hanna.

Alimchora vipi? Hanna kweli alikuwa mnene, na hapo mchoraji wao alimshinda wetu. Lakini Davenport alimfanya jitu. Shingo akaifuta, uso akaujaza, mikono akaigeuza magogo. Kisha akamvalisha suti ya mirabaraba, na katika kila mraba wa kitambaa akaweka alama ya dola. Vifungo vya mikono navyo vilikuwa na alama ya dola. Mtu hakuhitaji kusoma hata neno moja. Mhamiaji aliyefika jana kutoka Ulaya, asiyejua Kiingereza, aliiona ile suti akaelewa kinachosemwa. Mara nyingine McKinley alichorwa kando yake, mdogo kama mtoto, amening'inia kwenye nyuzi kama mwanasesere. Na mara nyingine mguu wa Hanna ulikanyaga fuvu la kichwa cha mtu, na juu ya fuvu hilo limeandikwa neno: wafanyakazi.

Ndugu zangu, sasa tuupime mchoro huu kama tulivyopima yale magunia.

Suti ilikuwa ya kweli. Nasema hivyo bila kusitasita. Kabla ya mwaka ule fedha za makampuni zilikuwa zimekwisha kuingia katika siasa za Marekani, lakini hazikuwahi kukusanywa kwa mpango wa namna ile, kwa daftari na asilimia. Davenport hakuwa na daftari la Hanna, lakini alichora kile kilichokuwamo ndani yake. Mwaka 1907 bunge la nchi ile lilipitisha sheria ya kukataza makampuni kutoa fedha kwa wagombea wa vyeo vya taifa. Sheria hiyo ilitokana na kashfa nyingine za baadaye, si mchoro. Hata hivyo kitu kilichokatazwa ni kile kile kilichokuwa kimeshonwa katika suti ile miaka 11 kabla.

Wanasesere na nyuzi, hapo mchoraji alikosea. McKinley hakuwa mtoto. Alikuwa amekaa bungeni miaka mingi, na sheria kubwa ya ushuru wa forodha ya mwaka 1890 ilijulikana kwa jina lake. Kabla ya uteuzi, wakubwa wa chama wa majimbo ya mashariki walitaka waahidiwe vyeo ndipo wamuunge mkono. Hanna alimletea masharti yao. McKinley akayakataa, na Hanna akatii. Wanahistoria waliopitia barua zao wanasema kwamba aliyekuwa akimheshimu mwenzake kwa unyenyekevu ni Hanna. Basi msomaji wa Journal alifundishwa kwamba mwenye mali akiwa na mwanasiasa, lazima mmoja ni bwana na mwingine ni mtumwa. Hakufundishwa jambo lililo gumu zaidi kulichora, nalo ni kwamba watu wawili wanaweza kuamini mambo yale yale kwa moyo safi, wakasaidiana kwa urafiki wa kweli, na matokeo yakawa yale yale kwa mkulima mwenye deni. Hongo unaweza kuipeleka mahakamani. Itikadi ya pamoja utaipeleka wapi?

Juu ya fuvu la wafanyakazi, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1876 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Massillon, katika Ohio, waligoma. Kampuni ya akina Hanna ilihusika na migodi hiyo. Kukawa na ghasia na askari wakaitwa. Wachimbaji waliokamatwa walitetewa mahakamani na wakili kijana, na wakili huyo alikuwa McKinley. Wote isipokuwa mmoja waliachiwa. Ndiyo kusema Hanna aliwahi kukaa upande wa pili wa fuvu lile. Lakini baada ya hapo alibadili mwenendo wake: alikubali kukaa meza moja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1894, katika mgomo wa kiwanda cha mabehewa cha Pullman, alimlaumu hadharani mwenye kiwanda kwa kukataa kusuluhishana na watu wake. Mwaka 1902 alishughulika sana kutafuta suluhu katika mgomo mkubwa wa wachimbaji wa Pennsylvania. Inasimuliwa kwamba mchoro wa fuvu ndio uliomchoma kuliko yote, na kwamba aliuonyesha kwa mwenzake machozi yakimlengalenga.

Msinifahamu vibaya. Sikuja hapa kumlilia bepari. Tajiri anayesuluhishana na wachimbaji bado ndiye mwenye mgodi, na wachimbaji bado ndio wanaoshuka shimoni. Hoja yangu ni kwamba mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji kuelezwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hafanani na fuvu. Mfanyakazi wa Cleveland aliyemjua Hanna kwa macho, aliyesikia akimwita kwa jina na kumsikiliza, aliona picha ile akasema kama yule mwalimu mstaafu: huyu ni nani? Na akishasema hivyo, ile suti ya dola nayo inakwenda pamoja na fuvu.

Tena tuulize jambo ambalo mchoro wenyewe hauwezi kutujibu. Gazeti lilikuwa la nani? Hearst alikuwa na miaka 33, na fedha alizonunulia gazeti alipewa na mama yake. Baba yake alikuwa ametajirika kwa migodi ya fedha, dhahabu na shaba. Katika magazeti makubwa ya New York, Journal lilikuwa karibu peke yake kumuunga mkono Bryan, na sitaki kusema kwamba Hearst hakumaanisha alichoandika. Lakini tajiri wa makaa ya mawe alichorwa kila siku akiwa amevaa dola, kwa wino uliolipiwa na dola za migodi, na mwenye wino hakuchorwa suti hata siku moja katika gazeti lake mwenyewe. Davenport alikuwa na kalamu huru kuelekea Cleveland. Kuelekea ofisi ya ghorofani hakuwa nayo. Nikiwaambia kwamba mchoraji wa gazeti lo lote, likiwamo hili ninaloliandikia, hana mahali ambapo kalamu yake husita, nitakuwa nawadanganya, nanyi mtanijua.

Wakubwa walijibu kama wakubwa wanavyojibu. Mwaka 1897 uliletwa muswada katika bunge la jimbo la New York wa kukataza picha ya mtu isichapwe gazetini bila idhini yake. Aliyekuwa nyuma yake ni Thomas Platt, mkuu wa siasa za Republican katika jimbo hilo, ambaye naye Davenport hakumwacha. Muswada haukuwa sheria. Ingekuwa sheria, mwizi angeombwa ruhusa kabla ya kuchorwa. Ndiyo maana nikisema tuchore kwa uangalifu simaanishi tuchore kwa woga. Uongo katika mchoro ndio unaompa mtu kama Platt kisingizio.

Nitaje jambo moja ambalo halimo katika hoja yangu hasa, lakini siwezi kulipita nikiwa Mwafrika. Baadaye Davenport alichoka kumchora mtu mmoja mmoja, akatafuta sura ya makampuni makubwa yaliyoungana kuua ushindani. Akachora jitu lenye misuli ya kutisha na akili ndogo. Na jitu hilo, ambalo makao yake yalikuwa New York na Cleveland, ambalo lilikula katika hoteli na kusafiri kwa treni, alilivalisha nini? Alilivalisha sketi ya majani. Alipotaka kuonyesha ukatili wa watu waliovaa suti, alikwenda kuazima mavazi kwa watu ambao hawakuwa na hisa hata moja.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 3 Novemba 1896. McKinley alipata kura zaidi ya 7,000,000 na Bryan kura kama 6,500,000. Suti ya dola haikumzuia mtu. Hanna akawa seneta mwaka 1897. McKinley alipigwa risasi mjini Buffalo mwezi Septemba 1901 akafariki, na Hanna mwenyewe akafariki tarehe 15 Februari 1904. Mwaka huo huo ulikuwa wa uchaguzi. Chama cha Hanna kilimsimamisha Theodore Roosevelt, na mchoro uliosambazwa sana kumtafutia kura ulimwonyesha mzee anayewakilisha taifa la Marekani ameweka mkono juu ya bega la Roosevelt, akisema kwamba huyu anamtosha. Mchoraji wake alikuwa Davenport, akiwa katika gazeti jingine.

Nirudi katika magunia, maana najua mtaniuliza. Mwaka uliofuata nilirudi katika mji ule, na safari hiyo nilimwomba mchoraji wetu twende pamoja. Alilalamika njia nzima juu ya vumbi. Ghalani alikaa juu ya sanduku karibu saa nzima, akachora mizani na mshale wake pale ulipokuwa umesimama, akachora gunia na maandishi yake, na mkono mwembamba wenye pete ukitia sahihi katika hati ya kupokelea mali. Uso hakuuchora. Gazeti lilipofika mjini hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza ni nani. Mkataba haukuvunjwa, uliachwa ukaisha muda wake, haukuandikwa upya.